Leseni ya kampuni ya ulinzi Mwanza: karatasi nyingi, na hesabu moja inayoziangusha

Anayetaka kufungua kampuni ya ulinzi Mwanza huanza na swali moja: leseni ya ulinzi inatolewa dirisha gani? Hakuna dirisha hilo. Kuna kampuni inayosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), kibali cha kazi ya ulinzi kutoka Jeshi la Polisi, leseni ya biashara ya eneo ilipo ofisi, leseni ya silaha kwa anayetaka bunduki, na usajili wa mwajiri kwa TRA, NSSF, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na OSHA (wakala wa usalama na afya kazini). Kila karatasi ina mwenyewe, na kila mwenyewe anataka kuona kwanza karatasi ya mwenzake. Hapo ndipo watu wanapozungushwa miezi mizima.

Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, wenzetu walipata sheria mahsusi mwaka 2016, na mamlaka yao, PSRA, inasajili kampuni na hata mlinzi mmoja mmoja. Huku kwetu anayeangalia kazi yenyewe ni Polisi, na mengine yamegawanyika kwenye sheria za makampuni, leseni, kazi, kodi na silaha. Kwa hiyo kujua orodha ya karatasi hakutoshi. Inabidi ujue ipi inatangulia ipi.

Namba 8010 na wenzake

BRELA ni mwanzo, na yote yanafanyika kwenye mfumo wake wa mtandaoni. Andaa namba za NIDA na TIN za wakurugenzi na wanahisa, anwani kamili ya ofisi, na taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu ambao mwisho wa siku ndio wanaofaidika na kampuni au kuiendesha, hata kama majina yao hayamo kwenye hisa. Wapo wanaoficha jina la bosi halisi nyuma ya mpwa wake. Kwenye duka la vipodozi pengine itapita muda bila mtu kuuliza. Kwenye ulinzi, Polisi watauliza mtaji umetoka kwa nani, na jina litajitokeza tu.

Utatakiwa kuchagua shughuli za kampuni kwa namba za kimataifa za uainishaji. 8010 ni ulinzi wa watu na mali. 8020 ni huduma za mifumo ya ulinzi: kengele, kamera, ufuatiliaji. 8030 ni upelelezi. Wengi huchagua 8010 na kuondoka. Mwaka wa pili kiwanda cha samaki cha Ilemela kinawaambia, "Walinzi tunao, tunataka na kamera," na kampuni inagundua kwamba kazi hiyo haimo kwenye nyaraka zake. Inarudi BRELA kufanya marekebisho huku zabuni ikifungwa. Weka 8010 na 8020 tangu siku ya kwanza kama una nia hiyo. 8030 usiiweke kwa ajili ya kupamba orodha, maana upelelezi binafsi unaleta maswali yake, na usipokuwa na majibu utakuwa umejichongea mwenyewe.

Jina nalo ni mtego. Usitumie neno linalomfanya mtu adhani kampuni ni tawi la Polisi, Jeshi au JKT. Hata mfumo ukilipitisha, litakusumbua mbele.

Polisi wanapima nini

Ukishapata cheti cha usajili, maombi ya kibali yanaandikwa kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, IGP, na kwa mtu wa mkoani yanaanzia wilayani kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na kupitia kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa. Barua inakwenda na nakala za cheti na katiba ya kampuni, wasifu wa wakurugenzi, maelezo ya ofisi, na maelezo ya sare. Alama za vidole zinachukuliwa na rekodi za uhalifu zinakaguliwa.

Barua yenyewe si kazi. Kazi ni kuwa na kitu cha kukaguliwa. Afande akija anataka kuona ofisi inayofungika, rejesta ya walinzi yenye picha na wadhamini, kitabu cha matukio, kitabu cha kupokezana zamu, na mtu anayeeleweka kuwa ndiye msimamizi wa malindo. Mtu aliyetoka jeshini au polisi kwa heshima, akawekwa kuwa meneja wa operesheni, huisaidia sana kampuni changa, si kwa sababu ya kujuana bali kwa sababu anajua rejesta inavyotunzwa.

Sare ndiyo inayowaponza wengi kwa jambo dogo. Fundi wa mjini anakushonea suruali ya kijani yenye mifuko ya pembeni, kofia ya bereti, vyeo begani, na wewe unaona imependeza. Kuvaa sare ya majeshi, au inayofanana nayo kiasi cha kumchanganya mwananchi, ni kosa la jinai. Chagua rangi iliyo mbali na khaki ya Polisi, kijani cha JKT na mabaka ya JWTZ, weka jina la kampuni mgongoni kwa herufi zinazosomeka ukiwa upande wa pili wa barabara, na ushone pea moja tu ya mfano kwanza. Sare 40 zilizokataliwa ni hela iliyotupwa.

Kuhusu mafunzo, walinzi waliopita mgambo au JKT wana cheti cha kuonyesha. Mafunzo ya mgambo yako chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya, na cheti cha kughushi kinabainika kwa simu moja tu ya kumuuliza. Kampuni iliyokusanya vijana stendi ya Nyegezi Jumatatu ili wakae lindo Jumanne haina inachoweza kumjibu mkaguzi.

Mpaka wa Jiji na Ilemela

Leseni ya biashara inaangalia mahali. Ofisi ikiwa Igoma au Mkolani, uko Halmashauri ya Jiji, yaani Nyamagana. Ikiwa Kirumba, Pasiansi au Nyakato, uko Manispaa ya Ilemela. Kisesa ni Magu, Usagara ni Misungwi. Mtu anayepanda daladala kutoka Nyakato kwenda Igoma haoni mpaka wowote, lakini leseni inauona. Ukihamisha ofisi kuvuka huo mpaka, au ukafungua ya pili, unahitaji leseni ya huko. Lindo lenyewe si ofisi. Lakini chumba ulichokodi Usagara, chenye meza, bango na msimamizi anayepokea wateja, hicho ni tawi.

Zipo leseni za kundi A zinazotolewa na BRELA, na za kundi B zinazotolewa na halmashauri. Mweleze afisa biashara kazi yako kabla hujalipa chochote, kwa sababu ombi lililowekwa kundi lisilo lake hurudishwa. Atataka cheti cha usajili, TIN ya kampuni, uthibitisho wa TRA kwamba huna deni la kodi, mkataba wa pango, na kibali cha Polisi.

Kwenye pango ndipo mzunguko unapokaza. Polisi wanataka ofisi kabla ya kibali, leseni inataka kibali, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hujaingiza hata shilingi. Ofisi yenye jina barabara ya Kenyatta kwa pango la mwaka, wakati kibali bado, ni kujifilisi mapema. Vyumba viwili Mabatini au Buzuruga vyenye mlango wa chuma vinatosha kukaguliwa. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, na kampuni ikate asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kama kodi ya zuio. Hapa wenye nyumba wengi hugoma: "Sitaki kukatwa." Asipokatwa yeye, TRA itakudai wewe, kwa hiyo elewaneni kwanza kama kiasi mnachoandika ni kabla au baada ya zuio.

Bunduki ni leseni nyingine

Kibali cha ulinzi hakimpi mtu bunduki. Silaha zinatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991, na msajili wake yuko Polisi. Kampuni inaomba silaha kwa jina lake na kueleza itatumika wapi, itatunzwa wapi na nani ataishika. Kuazima shotigani ya mjomba yenye leseni ya mtu binafsi ili ikalinde duka la mteja ni kosa, hata kama mjomba ni mkurugenzi wa kampuni.

Matatizo mengi hayatokei lindoni bali kwenye makabidhiano. Saa 12 asubuhi mlinzi wa usiku anataka kuondoka, wa mchana hajafika, bunduki inaachwa kwa mlinzi wa geti asiye na mafunzo. Daftari la silaha linatakiwa kuonyesha namba ya silaha, idadi ya risasi zilizotoka, zilizorudi, saa na sahihi mbili. Risasi 5 zikitoka na 4 kurudi bila maelezo, hiyo ni taarifa ya kituo cha polisi siku hiyohiyo, si jambo la kumalizana kwa kukatana mshahara. Mwanzo, kampuni isiyo na kasiki la chuma lililofungwa kwenye zege isiombe silaha kabisa. Malindo ya nyumba za Capri Point na maghala ya Igoma yanalindwa kwa kirungu, tochi, filimbi na mtu aliye macho.

Hesabu ya lindo moja

Sasa tuje kwenye kinachoua kampuni zenye karatasi zote. Leseni huhuishwa kwa uthibitisho wa kodi. Zabuni za serikali zinapita NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, nazo zinadai mlundikano huohuo wa uthibitisho. Huo uthibitisho hauji kama mishahara na michango haiko sawa, na mishahara haiwezi kuwa sawa kama bei ya lindo iliwekwa kwa kukisia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hivi: saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, siku zisizozidi 6. Hakuna kuvuka saa 12 kwa siku. Saa za ziada hazizidi 50 ndani ya wiki 4 na zinalipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa asilimia 5 kwa kila saa. Sikukuu ya taifa hulipwa mara mbili. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, yenye malipo.

Lindo la saa 24 lina saa 168 kwa wiki. Gawanya kwa 45, unapata watu 3.7. Kwa hiyo lindo hilo ni la watu wanne. Mazoea ya mjini ni watu wawili wanaopokezana saa 12 kwa 12 siku zote saba, yaani saa 84 kila mmoja, karibu mara mbili ya sheria, bila siku ya kupumzika. Ukiweka watatu kwa zamu za saa 12, kila mmoja anafikisha saa 56, na saa 3 za ziada kwa kila zamu zinamfikisha 56 ndani ya wiki 4, juu ya kikomo cha 50. Wanne ndiyo hesabu inayokaa.

Wajanja hutoa saa moja ya chakula ili zamu isomeke saa 11. Kupumzika dakika 60 baada ya saa 5 za kazi mfululizo ni haki ya mfanyakazi kweli, na mwajiri halazimiki kuilipia. Ila mlinzi aliye peke yake getini, anayekula ugali wake huku akifungua geti kwa gari la bosi, hajapumzika. Anatakiwa kuwepo, na saa hiyo inalipwa.

Tuchukue lindo la kawaida la Mwanza: nyumba au duka, mlinzi mmoja, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, kila siku. Linahitaji watu wawili, usiku 15 kila mmoja kwa mwezi. Kwa mfano tu, mshahara wa msingi uwe shilingi 234,000. Kupata kiwango cha saa, sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara 45, yaani 195, na jibu ni shilingi 1,200 kamili. Saa ya ziada ni 1,800. Nyongeza ya usiku ni 60 kwa saa ya kawaida na 90 kwa saa ya ziada.

Bila makubaliano yoyote ya maandishi, kila usiku una saa 3 zilizovuka 9. Saa 45 kwa mwezi, mara 1,800, ni shilingi 81,000 kwa mlinzi mmoja. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu makubaliano ya maandishi ya kubana wiki: hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, ilimradi siku hazizidi 5 na saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Karatasi hiyo moja, iliyosainiwa siku ya kuajiri, inabakisha saa za ziada kwenye zile wiki tu ambazo mlinzi ameingia usiku nne, saa 48. Zinabaki saa 3 kwa wiki kama hizo mbili, saa 6, shilingi 10,800. Kampuni nyingi hazina karatasi hiyo. Mlinzi akifukuzwa na kwenda CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi), deni la 81,000 kwa mwezi, mwaka mzima, linapita 970,000 kwa mtu mmoja.

Tuendelee. Msingi 234,000, ziada 10,800, nyongeza ya usiku kwa saa 150 ni 9,180. Jumla 253,980. Sehemu ya mwajiri NSSF, asilimia 10, ni 25,398. WCF asilimia 0.5 ni 1,270. Imekuwa 280,648 kwa mtu, 561,296 kwa wawili. Ongeza mtu wa kushika nafasi wakati wa likizo, takriban sehemu moja ya 13, unafika 604,000 na kitu. Hapo bado sare, koti la mvua, betri za tochi, mafuta ya pikipiki ya msimamizi anayezunguka usiku kutoka Buswelu hadi Buhongwa, pango, na faida. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, nayo inaingia ukifikisha wafanyakazi 10.

Kwa hiyo anayekuuzia lindo la usiku kwa 350,000 hajagundua siri ya biashara. Hapeleki NSSF, au ana mlinzi mmoja anayekesha siku 30, au vyote viwili. Mteja anayefurahia bei hiyo ajue mlinzi wa namna hiyo analala saa 8 usiku, na hakuna nidhamu itakayomzuia.

Viwango vya chini vya mshahara wa mlinzi hutangazwa kwenye amri ya mishahara ya sekta binafsi, na kampuni kubwa zina kiwango chake, ndogo chake. Amri iliyoanza Januari 2023 iliweka 222,000 na 148,000; viwango vipya vya sekta binafsi vimeanza Januari 2026. Mkataba wa lindo usio na kipengele cha kupandisha bei amri inapobadilika unakufunga na bei ya jana kwa mshahara wa leo. Kiandike kipengele hicho kwa sentensi moja, mteja hakatai kinapoonekana mapema.

Halafu VAT. Mstari wa kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Malindo 24 ya usiku kwa 700,000 kila moja yanakuvusha, na malindo 24 si kampuni kubwa. Ukishavuka, asilimia 18 inadaiwa kwa ankara uliyotoa, si kwa hela uliyopokea. Ritani ni tarehe 20. Mteja anayelipa baada ya siku 60, tena akikata asilimia 5 ya zuio, anakuacha ukilipia VAT mfukoni mara mbili kabla hajakupa chochote. Vyeti vya zuio vidai kila mwezi, maana bila cheti hiyo 5 ni hasara.

Walinzi wa vizimba

Pwani ya ziwa ina lindo ambalo fomu za mjini hazilifikirii: vizimba vya kufugia sato ndani ya ziwa. Mlinzi anakaa usiku juu ya jukwaa au mtumbwi, mita mia kadhaa kutoka nchi kavu, akiangalia nyavu zisichanwe. Hatari yake ya kwanza si mwizi bali maji. OSHA wanataka eneo la kazi lisajiliwe na hatari zake zitathminiwe, na hapa tathmini ina mambo yanayoeleweka: jaketi okozi kwa kila mtu linalovaliwa, si kukaliwa kama mto, watu wawili, si mmoja, tochi isiyopitisha maji, na utaratibu wa kumtoa mtu upepo unapogeuka. Chombo cha kuwapeleka kinahusu TASAC, wanaosimamia vyombo vya majini, nacho kiulizwe cheti chake hata kama ni cha mteja. Mlinzi akizama, WCF hawatauliza mtumbwi ulikuwa wa nani kabla ya kuuliza kama mwajiri amesajiliwa na amelipa.

Redio za mawasiliano zinahitaji kibali cha masafa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na zilizonunuliwa kariakoo ya mtandaoni na kuwashwa tu zinaweza kuingilia masafa ya wengine. Kamera zinagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023: kampuni inayohifadhi picha za watu inasajiliwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inaweka bango la kuonya kuwa kuna kamera, na haitumi kipande cha video kwenye makundi ya WhatsApp eti ili mwizi atambuliwe.

Na katika karatasi zote hizi hakuna inayomfanya mlinzi kuwa askari. Uwezo wake wa kukamata ni ule wa raia: anaweza kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele yake au anayeharibu mali anayoilinda, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfungia stoo mpaka bosi aamke ni kumweka kizuizini kinyume cha sheria, na anayeshitakiwa ni mlinzi pamoja na kampuni.

Tarehe za kubandika ukutani ni chache. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL tarehe 7, VAT tarehe 20, NSSF na WCF kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata. Ritani ya mwaka BRELA kila mwaka tangu kusajiliwa, hata kama hukupata lindo. Leseni ya biashara ni ya miezi 12 tangu itolewe, kwa hiyo anza kuomba uthibitisho wa kodi wiki sita kabla, wakati bado kuna muda wa kubishana na TRA juu ya ile ritani uliyoisahau.